Masizi Kisimani

“Sufuria imeingia hapa,” Susu alisema. “Usiniambie haijaingia. Macho ninayo.”

“Mwaitu, mama yetu, sijakataa kwamba kuna masizi. Nimekataa kwamba ni yangu.”

“Ni ya nani sasa? Ya ng'ombe?”

“Uliza na wengine. Mbona unaniuliza mimi peke yangu?”

“Kwa sababu ni wewe unakuja mtoni na sufuria nyeusi kila siku, mama. Sisi wengine tunakuja na mitungi.”

“Na ninaijaza kwa kata. Iko kule juu kwa mawe, mahali ninapikia. Haijawahi kushuka hapa chini hata siku moja.”

“Basi ilishuka yenyewe ikaoga.”

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu wakacheka, lakini si sana. Susu, nyanya yangu mzaa mama, alikuwa amesimama ndani ya ua wa miiba, mkono kiunoni. Ng'ambo ya miiba alisimama Mama Njoki, mtoto wake amelala mgongoni, shavu limemlalia begani. Katikati yao kulikuwa na kisima, yaani shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, kina chake kama kifua cha mtu mzima, na chini kabisa maji yaliyoenea beseni moja. Juu ya maji hayo kulielea ngozi nyembamba nyeusi. Kando yake, kwenye mchanga mbichi, kulikuwa na nusu duara nyeusi, safi kabisa, kama iliyochorwa na mtu mwenye makaa.

Mimi nilikuwa ukingoni nimeshika baiskeli. Duara ile nilikuwa nimeichora mimi, jana yake saa tisa mchana. Nilikuwa na miaka tisa.

Sasa nina kumi na tisa, na kuna mambo mengi ya utoto wangu ambayo nimeyasahau, lakini hilo sijalisahau hata rangi yake. Nataka kulieleza kama lilivyokuwa, bila kujipendelea.

Wakati huo mama yangu alikuwa ameajiriwa Kitui mjini katika nyumba ya watu, nami niliishi kwa Susu, upande wa Makueni, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka barabara ya Mombasa. Kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kuzunguka mashambani kwa baiskeli. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya mjomba wangu Mutua, kubwa, nyeusi, ya chuma kizito, na mchana aliiacha nyumbani kwa sababu alifanya kazi ya kupakia mchanga kwenye malori kule mto unapopinda, na alisema mchanga unakula mnyororo. Miguu yangu haikufika juu ya chuma cha katikati. Nilipitisha mguu mmoja chini yake, mwili ukining'inia upande mmoja kama nguo iliyoanikwa vibaya, na hivyo ndivyo nilivyoijua nchi yetu yote, nikiwa nimepinda.

Likizo ya Agosti ilikuwa nzuri zaidi. Mavuno yalikuwa yanakwisha na mashamba yalibaki peke yake. Nilitoka asubuhi nikipita juu ya matuta, pale nyasi zilizopandwa kuzuia udongo zilipokuwa zimekatwa zikaacha kinjia cha upana wa gurudumu. Nilipita safu ya mikonge, nikateremka kwenye shamba la pojo lililobaki mabua, penye kibanda cha kufukuzia ndege ambacho hakikuwa na mtu tena. Nilisikia mnyororo wangu na njiwa, basi. Nilijua ng'ombe yupi hufungwa wapi, ni mwembe upi una nyuki, ni tuta gani limebomoka na lini. Nyuma ya daftari langu la Sayansi nilikuwa nimechora ramani ya njia zangu zote, nikazipa majina. Njia moja niliiita Nairobi kwa sababu sikuwahi kuimaliza.

Watu walikuwa wakimwambia Susu, “Huyu mjukuu wako amekuwa polisi wa mashamba.” Susu alijibu kwamba afadhali polisi kuliko mwizi. Lakini kabla sijatoka alinipa masharti, kila siku yale yale, akiwa anasuka ukambaa wa kiondo wala hanitazami. Nisikanyage mbegu za mtu. Nisipite katikati ya watu wawili wanaozungumza ukingoni mwa shamba. Na nikifika mtoni nikitaka maji, nitumie kata, kile kibuyu kilichokatwa nusu kilichotundikwa kwenye tawi, na nisithubutu kuingiza kitu kilichowahi kukaa motoni.

“Maji yana mwenyewe,” alisema. “Yakiona masizi yanajua moto umeyafuata. Yanahama usiku huohuo, na hayasemi yanaenda wapi.”

Susu alikuwa mama wa kanisa. Alivaa kitambaa cheupe kila Jumapili na aliimba sauti ya pili. Sikuwahi kumwona akipata shida kati ya mambo hayo mawili. Mungu aliyaumba maji, maji yalichukia masizi, mambo yakaishia hapo. Wanawake wote waliochota pale walijua hivyo, na kama kuna aliyekuwa hasadiki, hakujaribu.

Siku hiyo ya Alhamisi nilikuwa nimefunga kwenye keria ya baiskeli sufuria ndogo ya Susu ya kupikia uji, chumvi nimeikunja kwenye karatasi, na kiberiti mfukoni. Nilikuwa nimepanga safari kubwa. Katika shamba letu la chini, karibu na mto, kulikuwa bado na miti michache ya mbaazi zilizochelewa, mbichi, na nilitaka kuzichemsha mwenyewe huko huko, nile nikiwa peke yangu kama msafiri. Nilikuwa na maji kwenye chupa. Nilipanga mawe matatu chini ya tuta, nikawasha, nikaambua mbaazi, nikatia chumvi.

Mtu yeyote wa kwetu angeniambia kwamba chupa moja haitoshi kuivisha mbaazi. Maji yalikwisha zikiwa bado ngumu, zikaanza kushika chini. Niliiepua sufuria kwa majani, nikamwaga mbaazi kwenye sketi yangu, nikakimbilia kisimani.

Kata ilikuwepo. Natamani ningeweza kusema haikuwepo. Ilikuwa pale pale kwenye tawi, na niliiona. Lakini moto wangu ulikuwa unazima, na kuchota kwa kata kulitaka kushuka, kujaza, kupanda, kumimina, halafu kushuka tena, na mkono mmoja ulikuwa umeshika sketi iliyojaa mbaazi za moto. Nilitazama huku na huku. Mto wote ulikuwa mtupu. Nikashuka, nikaizamisha sufuria mara moja tu.

Ilitoa sauti ndogo kwa sababu bado ilikuwa ya moto. Weusi ukatoka ukatandaa juu ya maji taratibu. Nilijaribu kuuondoa kwa kiganja, ukazidi kugawanyika. Nilipoinua sufuria ikagusa ukuta wa mchanga, na hapo ndipo ilipoacha ile alama. Sikuigundua. Nilirudi nikachochea moto, nikamaliza kupika, nikala.

Zilikuwa tamu sana. Hilo nalo nimelibeba miaka yote hii, kwamba nilikaa chini ya tuta nikala mbaazi zangu moja moja, na zilikuwa tamu.

Sasa nirudi pale kisimani, Ijumaa asubuhi.

Mama Njoki hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka upande wa kati, kwao ni kahawa na ukungu, na aliolewa na mtu wa kijiji chetu aliyekuwa mpishi katika hoteli moja ndogo Mtito Andei, anayerudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Kikamba chake kilikuwa cha kuvunja vunja, kwa hiyo watu walizungumza naye kwa Kiswahili, hata Susu. Alipika chai na mandazi ukingoni mwa mto akiwauzia wapakiaji wa mchanga, na sufuria yake kweli ilikuwa nyeusi kuliko zote nilizowahi kuona. Mimi alinijua kwa jina. Nilipopita na baiskeli alinipa andazi lililoungua upande mmoja, akasema, “Dereva, chukua ushuru wako.”

Yeye na Susu walikuwa wamefika mahali ambapo kila mmoja alikuwa akirudia maneno yake tu. Ndipo Susu akageuka akaniona.

“Ndunge, kuja hapa. Wewe ndiye unazunguka huku mchana kutwa. Jana ulimwona huyu na sufuria?”

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi. Hakuniuliza niliona nini. Aliniuliza kama nilimwona yeye. Wakati mwingine, nikitaka kujipunguzia, najiambia jibu lilikuwa tayari ndani ya swali, mimi nikalichukua tu. Lakini si kweli. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nilikuwa na muda wa kuegemeza baiskeli vizuri kwenye mti ili isianguke.

“Nilimwona na sufuria,” nikasema.

Hilo halikuwa uongo kamili. Kila siku nilimwona na sufuria.

Mama Njoki akanitazama. Hakukasirika bado. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja mtoto amalize kusema. “Sawa, uliniona. Ukaniona naiweka wapi, Ndunge?”

Nakumbuka mtoto mgongoni mwake aliamka akanitazama naye pia.

“Kwa maji,” nikasema.

Susu akapiga makofi mara moja, polepole, kama mtu aliyefunga kitabu. Mmoja wa wale wanawake akasema, “Mtoto hana sababu ya kudanganya.” Mama Njoki aliinamisha kichwa, akamkaza mtoto mgongoni, akauokota mtungi wake uliokuwa bado mtupu.

“Sawa,” alimwambia Susu. “Mmemaliza.”

Lakini hawakuwa wamemaliza. Wanawake wazee walikaa Jumapili baada ya kanisa, wakasema kwamba aliyeyachafua maji alete mbuzi asiye na doa, achinjwe pale mtoni, nao wanyunyize kisima kwa matawi wakiyaomba maji yasiondoke. Haikuwa adhabu kubwa kwa jinsi walivyoiona. Yeyote aliyewahi kukosea alileta mbuzi, akala nyama pamoja na wengine, jambo likaisha, na mwaka uliofuata lilikuwa la kuchekwa. Ni Mama Njoki aliyekataa.

“Nikileta mbuzi nitakuwa nimesema ni mimi,” alimwambia Susu mlangoni petu. “Na si mimi.”

“Mbuzi ni mbuzi tu, mama. Lete tu, hayo maneno yaishe.”

“Basi lete wewe.”

Nilikuwa nyuma ya Susu nikichambua mboga. Sikuinua macho. Baada ya hapo aliambiwa asichote pale mpaka mbuzi aje, naye hakuleta, na hakuchota. Maji mengine yalikuwa yale ya kuuzwa sokoni, zaidi ya saa moja kwa miguu kwenda, na kurudi ni kupanda. Chai ya wapakiaji ilikwisha. Huwezi kupika chai mtoni kwa maji uliyoyabeba kutoka sokoni.

Wiki ile niliendesha kwenda njia ile niliyoiita Nairobi, kwa sababu sikutaka kupita karibu na mto. Katikati ya mashamba, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala nyumba, nilimwona akija kutoka upande wa soko. Mtungi ulikuwa mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, mtoto amefungwa mbele kifuani, naye anatembea ameinama akitazama ardhi. Nilikuwa na baiskeli yenye keria. Ningeweza kuufunga mtungi ule nikausukuma mpaka kwake, kazi ya dakika chache. Niliiingiza baiskeli kwenye mikonge, nikalala chini mpaka akapita. Alipita karibu kiasi cha kumsikia akihema. Alikuwa akimwimbia mtoto wimbo kwa lugha ya kwao, akikata maneno kila alipovuta pumzi.

Nikarudi nyumbani, nikaiegemeza baiskeli ukutani, na kwa muda mrefu sikuigusa. Mjomba Mutua aliuliza kama imeharibika. Nikamwambia imekuwa nzito.

Kisha maji yakahama kweli.

Hayakuondoka usiku mmoja kama Susu alivyosema. Yalishuka kidogo kidogo. Wanaume walichimba, yakaonekana, yakashuka tena. Kabla shule hazijafunguliwa walichimba wakafika kwenye mwamba, na mwamba ulikuwa mkavu. Susu alisimama ukingoni akatazama chini muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, “Niliwaambia.”

Sijui nieleze vipi hofu ya mtoto aliyeua kisima. Alfajiri wanawake walipita nyuma ya nyumba yetu wakienda sokoni na mitungi, na nililala kitandani nikisikia vifuniko vikigonga, nikijua kila mmoja wao anatembea kwa sababu yangu. Susu naye alienda, na magoti yake yalikuwa mabaya. Jioni aliyakanda kwa maji ya moto, maji machache sana, halafu maji hayo hayo akamwagilia mboga. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara zote mbili nilimwomba kitu kingine.

Mama Njoki aliondoka mwezi wa kumi. Mumewe alikuwa amempatia chumba Mtito Andei. Dereva mmoja wa lori la mchanga alimchukua. Yeye na mtoto walikaa mbele, na vitu vyake, kitanda, meza, ile sufuria, vilifungwa nyuma juu ya mchanga. Nilisimama kando ya barabara na watoto wengine tukipunga mkono kama tulivyopungia malori yote. Alitazama mbele.

Miaka ilipita kabla sijaelewa nilichokuwa nimekitazama siku ile. Nilikuwa darasa la sita, mwalimu wa Sayansi akatupeleka mtoni, sehemu ya juu ambako hakukuwa na njia ya lori. Alituambia tuchimbe kwa mikono. Maji yakatoka. Akatueleza kwamba mto wetu hauweki maji yake juu, unayaficha ndani ya mchanga, na mchanga ndio mtungi. Ukiuondoa mchanga umeuondoa mtungi. Kisha tukateremka pamoja mpaka kwenye kisima cha zamani, tukaona mwamba mtupu na alama za magurudumu, na hakuhitaji kusema zaidi.

Malori yalikuwa yamepita mbele ya macho yetu miaka mitatu. Kila mtu mzima aliyaona. Lakini mjomba wangu alikuwa anapakia, na waume na wana wa wale wanawake kisimani walikuwa wanapakia, na unga wa nyumba nyingi ulitoka kwenye makoleo hayo. Nadhani ilikuwa rahisi zaidi kuitazama sufuria. Siwalaumu sana. Sufuria ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa na ndugu pale.

Lakini nataka niseme jinsi nilivyohisi siku ile na mwalimu, kwa sababu ndiyo aibu kubwa kuliko ile ya kwanza. Nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Si mimi. Kumbe si mimi, ni malori. Niliimba njia nzima. Ni usiku nilipokuwa nikiosha miguu ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimejiondolea hatia mimi peke yangu. Kama si masizi, basi Mama Njoki alikuwa amefukuzwa mara mbili bila sababu. Hakuingiza sufuria, na hata kama angeiingiza, maji yangeondoka vilevile. Na katika miaka hiyo yote mtu pekee aliyejua sufuria ile ilikuwa ya nani alikuwa mimi, na nilikuwa nimenyamaza nikisubiri nisamehewe na mwalimu ambaye hakujua lolote.

Hata hivyo sikusema. Nilijiambia ni zamani. Nilijiambia nikimaliza shule nitamtafuta, nikiwa mtu mkubwa, mwenye kitu cha kumpelekea. Shule sikumaliza. Nikiwa kidato cha pili mama yangu alirudi kutoka Kitui akiwa mgonjwa, na hapakuwa na mwingine wa kumwinua na kumlaza. Baadaye alipata nafuu, lakini dawati langu lilikuwa limeshakaliwa na mwingine, na mimi nilikuwa nimeshazoea jembe. Siandiki haya ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu ndipo nilipoacha kungoja kuwa mtu mkubwa.

Kuhusu yale masizi, siwezi kuyacheka. Nimesikia vijana wa umri wangu wakiwacheka wazee wao kwa mambo kama hayo na sikuweza kuungana nao. Susu hakukosea kututaka tuweke maji safi. Kisima kile kilikuwa kimenywewa na watu wengi tangu kabla hajazaliwa, na hakuna aliyewahi kukitia uchafu, kwa sababu walikiogopa. Kosa halikuwa kwenye imani hiyo. Mimi niliona wanawake wanaamini, nikaiona nafasi ya kujificha ndani yake, nikaingia, nikamsukuma mtu mwingine nje.

Mwaka huu, baada ya kuvuna, niliomba baiskeli. Ni ile ile, ila sasa miguu yangu inafika. Nilitoka asubuhi na mapema nikiwa na mfuko wa mbaazi kavu, nikapita mashamba ya kwetu, kisha mashamba ambayo sikuwa nimewahi kuyaona, maana nilikuwa sijafika upande ule hata utotoni. Ardhi huko ni nyekundu na matuta ni machache. Kulikuwa kimya. Mara moja mzee aliyekuwa akikarabati ua aliniuliza ninakoenda, nikamwambia Mtito Andei. Akauliza, “Kuna nini huko?” Nikasema naenda kumwona mama mmoja. Akasema nisichelewe kurudi, maana karibu na mbuga ndovu huvuka. Nilitamani angenizuia kwa nguvu zaidi.

Nilimpata kwa kuuliza hoteli moja baada ya nyingine. Alikuwa anaishi nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye safu ya vyumba vya mabati, na alikuwa akikanda unga mezani, mkono umejaa unga mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa amenenepa kidogo. Nywele zilikuwa zimeanza mvi mbele. Alinitazama, akaitazama baiskeli nyuma yangu, akasema, “Dereva.”

Nikalia kabla sijasema kitu. Aliniacha nilie. Alinionyesha kiti kwa kidevu kwa sababu mikono ilikuwa na unga.

“Ni mimi niliyeingiza sufuria kisimani,” nikasema. “Nilikuwa napika mbaazi. Nikasema ni wewe.”

Aliendelea kukanda. Aligeuza donge, akalikunja, akalibonyeza kwa viganja vyote viwili. Nje, kituoni, malori yalikuwa yakishika breki.

“Ulikuwa na miaka mingapi?”

“Tisa.”

“Njoki ana kumi na mmoja sasa,” alisema. “Yuko shule. Hasemi uongo sana.” Akafikiria. “Anasema, lakini mdogo.”

“Nimekuja kukuomba msamaha.”

“Nimesikia.” Akafuta mikono, akachota maji kwenye pipa kwa kikombe, akanipa. “Kunywa. Umetoka mbali na jua ni kali.”

Nikanywa yote. Nilingoja aseme amenisamehe, na nadhani aliona ninangoja. Aliuliza mama yangu anaendeleaje, nikamwambia. Aliuliza kama nasoma, nikamwambia niliacha. Hakunipa pole wala hakunisema. Alipokea mfuko wa mbaazi, akaupima kwa mkono, akauweka chini ya meza.

“Nyanya yako bado yuko?”

“Yuko. Magoti tu.”

“Na wale wengine wa kisimani?”

“Wengi wako.”

“Umewaambia?”

Nikainuka, nikasema ni lazima nianze safari kabla jua halijashuka, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshageuza baiskeli niliposikia ndala zake. Alikuwa amesimama kizingitini, unga umemkauka mikononi, na alisema polepole, kama mtu anayetaka nisikie kila neno.

“Ndunge, mimi siku zote nilijua si mimi. Hayo umeniletea nilikuwa nayo. Sasa wapelekee wale hawana.”